Bili ya Maji Yapanda Wakati wa Mgao

SWALI: Ndugu Mshauri, hapa kwetu Kimara maji hutoka siku mbili au tatu kwa wiki, tena usiku, nasi huyahifadhi katika simtanki la lita 2,000. Bili ya mwezi uliopita imekaribia mara mbili ya kawaida. Fundi alikuja mchana, akafunga koki zote, akaona mita imetulia, akasema hakuna panapovuja. Je, mita ndiyo mbovu?

JIBU: Ndugu msomaji, fundi wako alipima saa ambayo huenda bomba la mtaani halikuwa na maji, na mita isiyopitiwa na maji haizunguki hata kama bomba limepasuka katikati ya uwanja. Kipimo hicho hufanywa maji yakiwa yanatoka, hata ikibidi kuamka saa nane usiku. Funga koki inayoingiza maji kwenye tangi pamoja na bomba lolote linalotoa maji ya mtaani moja kwa moja, kisha mulika mita kwa tochi ya simu. Kigurudumu kile kidogo kikiendelea kuzunguka, maji yanapotea kati ya mita na tangi.

Kikisimama, fungua koki ya tangi na usubiri lijae. Likishajaa na mita ikawa bado inatembea, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni boya, kile kifaa kinachoelea na kufunga maji tangi linapojaa. Boya lililochakaa halizibi sawasawa, hivyo maji hupitia bomba la kumwagia ziada, ambalo mafundi wengi hulielekeza nyuma ya nyumba au mtaroni, mahali ambapo hakuna anayepita usiku. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Kwa hiyo tangi lenu likimwaga ziada inayolingana na ujazo wake, mmelipia uniti mbili ambazo hazikufika hata jikoni.

Upande wa ndani ya nyumba, baada ya tangi, mita haikuoneshi mvujo papo hapo. Usiku usio na maji ya mtaani, weka alama usawa wa maji tangini na msitumie maji hadi asubuhi. Yakishuka, anza na choo: tia rangi ya chakula katika tangi la choo, na ikitokea kwenye sinki la choo bila mtu kuvuta maji, badilisha mpira wa ndani.

Kuhusu mita, ni kweli kwamba maji yanaporudi baada ya mgao husukuma hewa mbele yake, nayo huweza kuizungusha, lakini sidhani kama ingetosha kuongeza bili kiasi hicho. Vipimo vyote vikiwa safi, piga picha ya usomaji wa mita na uombe DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, kwa maandishi waikague. Bomba linalovuja kabla ya mita ni lao kulitengeneza; baada ya mita, gharama si yao, na kama mmepanga, angalieni mkataba wenu unasemaje kati ya mpangaji na mwenye nyumba.

Kama boya ndilo bovu, hadi jipya lipatikane, koki ya tangi ifungwe kwa mkono mara tu linapojaa.