Mabegi Abebe Nani?

Wahariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama wazazi wenye watoto wadogo wasafiri nao au wangoje wakue kwanza, na mkaongeza kwamba mngependa kusikia pia kutoka kwa akina baba, kwa kuwa barua nyingi mnazopokea kuhusu watoto huandikwa na akina mama. Mimi ni baba wa watoto wawili, binti wa miaka mitatu na nusu na mdogo wake wa kiume wa miezi kumi na minne, na tunaishi Likoni, Mombasa, upande wa kusini wa kivuko cha feri. Jibu langu ni kwamba wasafiri nao. Sharti langu ni moja tu: baba ambebe mtoto, na mabegi ayaachie mtu mwingine.

Nalitaja sharti hilo kwa sababu mwenyewe nililivunja kwa muda mrefu. Binti yetu alipokuwa na miezi saba tulikwenda Malindi kumsalimu mama mkwe wangu, nami niliipanga safari ile kama mtu anayesafirisha shehena. Nilihesabu mabegi, nikapatana nauli na makanga, nikasimamia mizigo ilipofungwa nyuma ya matatu, kisha nikakaa karibu na dirisha nikiridhika na kazi yangu. Mke wangu alimshika mtoto tangu tulipotoka nyumbani hadi tuliposhuka Malindi, zaidi ya kilomita mia moja, bila kupumzisha mkono. Tulipofika nikajisifu mbele ya wakwe kwamba safari ilikuwa nyepesi. Usiku ule mke wangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, aliniuliza mtoto alinyonya mara ngapi njiani. Sikuwa na jibu. Idadi ya mabegi nilikuwa nayo: manne.

Kuhusu umri wa kuanza kusafiri sina ubishi mrefu. Kwetu pwani mzazi na mtoto hukaa ndani siku arubaini, na mama yangu alikataa katakata mjukuu wake avushwe kivuko kabla ya siku hizo kutimia. Nilidhani ni mila tu, hadi nilipokifungua kile kijitabu cha kliniki nikaona kwamba, ukiacha chanjo za siku ya kuzaliwa, zinazofuata hutolewa mtoto akifikisha wiki sita, yaani siku 42. Wazee na kliniki wanapishana kwa siku mbili. Baada ya hapo kuna chanjo za wiki ya 10 na ya 14, kisha ile ya surua na rubela ya miezi 9 na ya miezi 18, kwa hiyo tarehe za safari zetu huzipanga kwa kutazama tarehe hizo, na kijitabu chenyewe husafiri nasi, kwa sababu mtoto akiugua ugenini daktari ataulizia hicho kabla ya kuuliza jambo jingine.

Na watu wanakosea wanapodhani kwamba mtoto mchanga ndiye mwenye taabu. Mtoto ambaye hajatimiza miezi sita, ikiwa ananyonya, ndiye msafiri mwepesi kuliko sisi sote: chakula chake kipo tayari, kina joto la kutosha, na hata maji hayahitaji. Taabu huanza siku anaposimama dede. Kuanzia hapo anataka kushuka akiwa amepakatwa na anataka kupakatwa akiwa ameshuka, na chochote kilichoanguka sakafuni ni halali yake. Hata kichefuchefu cha gari huwapata zaidi waliopita miaka miwili kuliko wachanga. Nimeyaona hayo kwenye shati langu, karibu na Kilifi, huku mdogo mtu akilala fofofo.

Sisi wa Likoni tuna safari ndogo ya kila siku ambayo wasomaji wa mjini huisahau, nayo ni feri. Anayevuka kwa miguu halipi kitu, lakini hulipa kwa kusukumana: lango likifunguliwa, watu wote waliokuwa wakingoja bandani hutelemka kwa pamoja kuelekea chomboni, na kigari cha kusukumia mtoto hakina nafasi katika mteremko ule. Hapo ndipo nilipojifunza kufunga mbeleko. Mama yangu alinifundisha uani kwa leso yake kuukuu, akacheka hadi machozi yakamtoka nilipofunga fundo begani kama mvuvi anayefunga nanga, lakini akanirekebisha: mtoto akae juu kiasi cha kuweza kumbusu utosini bila kuinama, magoti yake yawe juu kuliko makalio, na pua yake ionekane wakati wote. Mara ya kwanza nilipovuka hivyo wanaume wawili walinitazama kisha wakatazamana. Sasa hawanitazami tena, au mimi ndiye niliyeacha kuwatazama.

Tukivuka kwa feri tukiwa na gari, sikai garini na watoto. Tunashuka, tunasimama mbali na ukingo, nimemshika binti mkono. Mnakumbuka Septemba 2019, gari lilipoteleza kutoka kwenye feri MV Harambee katikati ya mkondo, mama na binti yake wa miaka minne wakafa maji. Nilikuwa sijaoa wakati huo, ila kila ninapovuka na wangu nawakumbuka wale wawili.

Safari iliyonifunza zaidi ni ya mwaka jana, mke wangu alipokwenda Nairobi kwa mafunzo ya kazi, nami nikamfuata na watoto wote wawili baada ya wiki moja. Tulipita barabara ya Dongo Kundu, ambayo imetuondolea watu wa Likoni ulazima wa kuvuka kivuko ili kufika stesheni ya treni ya Miritini. Binti, kwa kuwa alikuwa ametimiza miaka mitatu, alikatiwa tiketi ya nusu nauli, na mdogo wake akasafiri bure mapajani mwangu. Kwa makusudi nilichagua treni ya asubuhi inayosimama vituo vya njiani, wala si ile ya moja kwa moja ambayo hufika kwa saa tano hivi. Marafiki waliniona mjinga. Lakini mtoto wa miaka mitatu hajui saa ni nini. Ukimwambia bado saa tatu, atakuuliza tena baada ya dakika tatu. Ukimwambia tunangoja Mariakani, halafu Miasenyi, halafu Voi, ana kitu cha kushika. Tulipofika Mtito Andei alikuwa akiwatangazia vituo abiria wa viti vya jirani, na mara nyingi alipatia.

Lakini nimeruka ukaguzi, na ukaguzi una kisa chake. Kabla ya kuingia stesheni, abiria hupanga mizigo yao chini kwa mstari, wanasogea kando, na mbwa wa polisi hupita akinusa mfuko mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa na mtoto mgongoni, binti mkononi, na mikoba miwili tu, kwa sababu safari hii hapakuwa na wa kumwachia mizigo. Mbwa alipofika kwenye mkoba wa watoto alisimama. Akanusa, akazunguka, akanusa tena. Moyo ulinidunda ingawa nilijua sina hatia. Binti yangu akasema kwa sauti iliyosikika mstari mzima, "Baba, ananusa nepi ya mtoto." Askari aliyemshika mbwa alijitahidi asicheke, akashindwa. Kwa kweli ilikuwa nepi. Nilikuwa nimembadilisha mtoto garini na kwa pupa nikaiweka mahali pasipostahili. Tangu siku ile hubeba mfuko wa plastiki mgumu wenye kufungwa, kwa kazi hiyo pekee.

Ndani ya treni nilikutana na swali ambalo, kwa makadirio yangu, nililijibu mara tisa kabla ya kufika: "Mama yao yuko wapi?" Waliuliza kwa upole, na sitaki kuwalaumu, lakini hakuna aliyewahi kumwuliza mke wangu, alipokuwa peke yake na watoto hawa kwenye feri, baba yao yuko wapi. Bibi mmoja aliyeketi mkabala nasi, tukitenganishwa na ile meza ndogo, hakuuliza. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama nikihangaika kufungua chupa ya uji kwa meno huku mtoto akivuta sikio langu, kisha akanyosha mikono. "Nipe huyo, mwanangu, nawe ule kwanza. Baba mwenye njaa hana subira." Nikampa. Alimpakata hadi Voi, akimwimbia taratibu, nami nikala mahamri yangu yaliyokwisha kupoa. Baadhi ya akina baba huona aibu kupokea msaada wa namna hiyo, kana kwamba wameshindwa mtihani. Mimi naona ndiyo faida ya kusafiri kwetu, na anayeikataa anamtesa mtoto kwa ajili ya fahari yake.

Simu sikuitoa hadi baada ya Kibwezi. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na katika behewa lililojaa maneno hayo huwa magumu, kwa sababu kila kilio unahisi kinakudhalilisha mbele ya watu. Binti alilia kwa robo saa akiitaka. Nilimwonyesha ndovu upande wa pili wa dirisha, katika mbuga ya Tsavo, wakiwa wekundu kwa vumbi la udongo wa huko, akanyamaza, akanong'ona kwamba wamechafuka na mama yao atawagombeza. Baadaye tulipishana na punda milia, lakini hao hawakumshughulisha.

Upande wa chakula na maji nitasema machache tu. Maji hutoka nayo nyumbani yakiwa yamechemshwa, na mkobani kuna pakiti za chumvi za kuzuia upungufu wa maji mwilini. Zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote kwa kipimo cha kijiko kilichosawazishwa. Nusu kijiko ni nusu kijiko, kwa sababu chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Na mtoto wa Mombasa anayepelekwa Nairobi, iliyo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, avalishwe sweta kabla hajatoka ndani ya treni. Wangu aliingia Syokimau, stesheni ya Nairobi, akiwa na fulana, midomo ikatetemeka, na mama yake akaniangalia jicho lile.

Jambo moja bado linaniuma. Siku tuliyofika tulikwenda kula katika hoteli moja ya mjini, nami nikauliza pa kumbadilishia mtoto. Mhudumu akanionyesha: ile meza ilikuwa ndani ya choo cha wanawake. Mke wangu alikuwa amekwisha kurudi kwenye mafunzo yake. Nilitandika leso sakafuni, kwenye ukumbi mwembamba wa kuelekea jikoni, nikapiga magoti, wapishi wakawa wananiruka na sahani. Mwenye jengo lile hakuwa na nia mbaya; hakuwahi kufikiri tu kwamba baba angekuja na swali hilo. Ubao wenye bawaba ukutani, pale penye nafasi ya watu wote, si gharama ya kumfilisi mwenye hoteli, na atauweka siku akina baba watakapokuwa wengi wa kuuliza.

Likizo ya Agosti tunakwenda Lamu. Basi litatufikisha Mokowe, kisha boti hadi kisiwani, na kwa kuwa jaketi za kuokolea ndani ya boti aghalabu huwa za watu wazima, nimeshanunua mbili za saizi ya watoto. Ya binti ni ya rangi ya machungwa na amelala nayo usiku mara mbili. Juzi nilimwuliza mke wangu tutagawanaje kazi njiani. Hakuinua macho kutoka kwenye nguo alizokuwa akikunja. Akasema mabegi ni yake, na kwamba anataka kukaa dirishani.