Kwa mtoa mada: mikataba ya chuo na vyuo vya nje inamsaidiaje mwanafunzi mwenye biashara?

Mkuu, umeniamsha. Umesema uko mwaka wa tatu, unatengeneza chakula cha kuku kwa kutumia funza, chuo chenu kina makubaliano na vyuo kibao vya Ulaya na Asia, na hujaona faida yake hata chembe. Miaka minane iliyopita nilikuwa hapo ulipo. Mimi na wenzangu wawili tulikuwa tunakausha mananasi ya Kiwangwa na maembe ya Mkuranga. Chuo sikitaji.

Ofisi ya mahusiano ya kimataifa tuliiendea mara tatu, na mara zote jibu lilikuwa shindano: andikeni wazo, mshindi anapelekwa nje. Tukaandika, tukapata nafasi, mwenzetu akapanda ndege, akarudi na picha na begi la kitambaa. Wiki hiyohiyo nanasi kavu kilo arobaini zilikuwa zimeota ukungu ndani ya pakiti. Majaji walimuuliza ukubwa wa soko. Habari ya ukungu hakuna aliyeigusa.

Aliyetuokoa ni mwalimu wa maabara ya chakula, mama mmoja mkali hasa, ambaye shahada ya uzamivu aliisomea Norwei. Alimwandikia profesa wake wa zamani barua pepe ya mistari minne. Hakuomba hela. Aliuliza tu nani anaweza kupima sampuli zetu. Bahati nzuri profesa alikuwa na mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada ya utafiti. Tukatuma pakiti sita.

Sisi tulikuwa tunapima ukavu kwa mizani na kwa vidole. Wao walipima maji yaliyobaki huru ndani ya tunda, yale ambayo ukungu unaweza kuyatumia. Kipimo hicho kinaanzia 0 hadi 1, na chini ya 0.6 ukungu hauoti. Vipande vyetu vyembamba vilikuwa salama, vinene vilivuka 0.7, na sisi tulikuwa tunavifunga pakiti moja! Dawa yake ilikuwa ndogo hadi inaudhi: kata kwa unene mmoja, kisha matunda yakitoka kwenye kaushio yaweke kwenye ndoo yenye mfuniko kama wiki nzima, uyatikise kila siku, unyevu ugawane sawasawa. Ukiona matone kwenye mfuniko, rudisha kaushioni. Yule mwanafunzi alipata sura ya tasnifu yake, sisi tukapata bidhaa inayokaa dukani. Kila upande ulikuwa na shida yake, ndiyo maana barua zilijibiwa.

Hela ilikuja baadaye, ufadhili mdogo kupitia akaunti ya chuo, na hapo ndipo nilipozeeka. Mhasibu alitaka risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, kwa kila manunuzi. Sasa bibi wa Kiwangwa anayeuza nanasi shambani kwake, mashine ya EFD anaitoa wapi? Tulizungushwa miezi saba, msimu ukapita. Kama uongozi wa chuo unasoma hapa: kabla hamjasaini na mfadhili wa nje, andikeni humohumo kwamba mazao ya mkulima yatathibitishwa kwa fomu yenye sahihi yake na muhuri wa mtendaji wa kijiji. Mfadhili wetu alikubali bila ubishi, ila hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Soko la kwanza la nje hatukulipata Ulaya. Mhitimu wa chuo chetu alikuwa anafanya kazi Maskati, na kule, kama mnavyojua, Waomani wanaoongea Kiswahili hawatafutwi kwa tochi. Alipeleka sampuli kwa mwenye duka mmoja, jibu likarudi na sauti ya WhatsApp: nanasi tamu, lebo haifai, iandikwe Kiarabu, na tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha zote zionekane. Maneno hayo yalitufaa kuliko semina zote nilizohudhuria. Chuo kilikuwa na orodha ya wahitimu walio nje, ila kiliitumia kuwaomba michango ya mahafali tu.

Halafu kuna hili la hataza, yaani haki ya kisheria ya kulinda uvumbuzi, watu wanaliruka. Rafiki yangu wa uhandisi alionyesha mashine yake ya kubangulia korosho kwenye jukwaa la nje, video ikawekwa mtandaoni. Alipotaka kuilinda akaambiwa si uvumbuzi mpya tena, dunia imeshauona. Angepeleka maombi kwanza BRELA, wakala wa serikali anayesajili biashara na hataza, Mkataba wa Paris wa kulinda uvumbuzi ungempa miezi 12 ya kuomba kwenye nchi nyingine wanachama huku akihesabiwa tarehe ileile ya mwanzo. Chuo chenye fedha ya tiketi ya ndege hakikosi fedha ya kumkalisha mwanafunzi na mtu wa hataza kwa siku moja.

Sisemi mashindano yote ni mchezo. Dk. Askwar Hilonga wa chuo cha Nelson Mandela, Arusha, alishinda tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2015, pauni 25,000, kwa chujio lake la maji. Lakini tuzo ile huja na miezi ya mafunzo ya biashara kabla ya fainali, na ujuzi wenyewe alikuwa ameuchota Korea Kusini alikosomea uzamivu. Shindano la siku mbili na picha ya pamoja usililinganishe na hilo.

Na kwa nini kila mtu anaangalia kaskazini? RUFORUM, mtandao wa vyuo vya kilimo vya Afrika ulioanza 2004, makao yake yapo Makerere. Waganda walitutangulia kwenye nanasi kavu. Tungewauliza mapema, zile kilo arobaini zingepona.

Kwako wewe na funza wako: icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, kipo Kasarani, Nairobi, na wadudu kama chakula cha mifugo ni kazi yao. Usiende ofisi ya kimataifa kuomba "ushirikiano". Mtafute mwalimu wako anayefahamiana na mtu pale, mwombe mistari minne na swali moja tu: kiasi cha protini kwenye chakula chako kinabadilika vipi kila ukibadilisha taka unazowalisha funza? Ukishajibiwa, rudi hapa utueleze.