Mapanga ya feni kubwa: kwa nyinyi mnaoanza kazi

Asalaam aleikum wadogo zangu. Naandika kwa vijana mnaoingia kwenye kazi ya feni kubwa, zile za juu ya minara ya kupoza maji na za mitambo ya barafu, manake hapa Malindi naona wengi wanapewa spana wakaze kabla hawajaelezwa wanakaza nini.

Engo ya panga ndo kazi yenyewe. Mtu wa mashua atanielewa haraka, ukivuta demani, ile kamba ya kuongozea tanga, kupita kiasi tanga linakufa, ukiilegeza sana linapigapiga, lakini kuna pale katikati ndo chombo kinashika upepo. Panga nalo ni hivohivo. Ukililaza sana halisukumi hewa, ukilisimamisha kidogo hewa inaongezeka na mota inabeba mzigo zaidi, sasa ukipitiliza hewa inashindwa kufuata mgongo wa panga, sauti inabadilika inakuwa ya kukwaruza, upepo unapungua na mota bado inakula umeme. Kwa hivo engo isome kwenye karatasi ya feni hiyo hiyo, usikopi ya feni ya jirani hata kama zinafanana rangi.

Kitu cha kwanza kabisa lakini ni kuzima swichi kuu, kupiga kufuli lako mwenyewe na ufunguo kuutia mfukoni. Alafu funga panga moja kwa kamba kwenye chuma cha mnara. Hili la kamba wengi wanalipuuza, na wakati wa kusi feni iliyozimwa inazungushwa na upepo peke yake, pole pole, mtu anaona imetulia anatia mkono. Tafadhali fungeni kamba.

Sasa kupima. Panga limejipinda toka shinani mpaka nchani, ukisogeza pima maji sentimita chache tu engo inasoma kitu kingine, ndo maana kuna alama ya mahali pa kupimia. Mwaka wangu wa kwanza nilifunga feni ya mapanga 6, matano nikayapima kwenye alama, la sita alama yake ilikuwa imefunikwa na chumvi nikakadiria kwa jicho kwa sababu jua lilikuwa kali na nilitaka kushuka. Tulipowasha, kulikuwa na ndoo ya maji chini ya mnara, nikaona maji yanatetemeka miduara miduara kama mtu anaigonga ndoo. Msimamizi hakunipigia kelele, alizima akapanda na pima maji ya kidijitali, akanisomea panga moja moja: 12, 12, 12, 12, 12, alafu 14 na nusu. Tangu siku hio nasugua alama kwa brashi kabla sijaweka chombo, na mimi sikubali mapanga yapishane zaidi ya nusu digrii.

Kabla hujakaza livute panga nje kwa mkono mpaka ligote, manake likizunguka litavutwa huko huko. Chukua feni ya upana wa mita 1.8 inayozunguka mara 500 kwa dakika, ncha zake zinakimbia karibu kilomita 170 kwa saa, na panga la kilo 5 ambalo kitovu cha uzito wake kiko sentimita 60 toka katikati ya shafti linavutwa nje kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 800. Sasa fikiria bolti iliyokazwa nusu. Kaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kidogo kidogo kwa kupokezana, usimalize bolti moja ndo uende nyingine, na ukimaliza pima engo tena kwa sababu panga hugeuka wakati wa kukaza.

Seti ya mapanga hupangwa kwa uzito pamoja, kwa hivo usichukue panga la feni nyingine ukachanganya, na kama yana namba kila moja lirudi kwenye tundu lake.

Bolti za pwani zinataka heshima. Chumvi inakula chuma cha kawaida, na huko Gongoni kwenye mashamba ya chumvi ndo usiseme. Stenlesi ni nzuri ila nati na bolti zake zinaweza kung'ang'aniana usizitoe tena, pakeni grisi yake maalum, lakini mjue bolti yenye grisi kwa toki ile ile inavutika zaidi, fuateni kipimo kilichoandikwa kwa bolti iliyopakwa.

Mkimaliza fungueni kamba mzungushe kwa mkono raundi nzima, muangalie nafasi kati ya kila ncha na ukuta wa duara. Alafu watu wote washuke, gusa swichi mara moja uone inazunguka upande wa mshale, kama ni kinyume badilisha waya 2 kati ya 3 za umeme. Ikienda sawa weka klampu mita, ile inayobana waya kwa nje ikasoma umeme unaopita, kwenye kila waya, ampia zisipite zile za kibati cha mota. Zikipita, zima ulaze mapanga yote kidogo, yote kwa kipimo kimoja.

Siku ya pili rudi ukague kukaza tena. Na andika engo, ampia na tarehe kwa peni ya rangi ndani ya kifuniko cha boksi la swichi, mwenzako atakayekuja baada yako atavikuta hapo.