Mzinga wa nchi kavu juu ya manowari: majibu ya maswali yenu

Wengi mmeuliza jambo moja kwa namna tofauti: kwa nini majeshi ya majini yasichukue tu mizinga ya jeshi la nchi kavu? Nimechagua maswali matano.

Mzinga ni mzinga. Kwa nini usifungwe kwa bolti kwenye sitaha, basi? (Msomaji, Tanga)

Mtutu ndiyo sehemu rahisi. Kazi iko chini yake. Mzinga ukifyatuliwa hupiga teke, na nchi kavu teke hilo huishia ardhini: miguu ya nyuma hukita kwenye udongo, au tani hamsini na ushei za mzinga wa minyororo, ule unaojiendesha kama kifaru, hulimeza. Kwenye meli linaishia kwenye mbavu za chombo, na chini ya hapo kuna watu, mitambo na nyaya.

Tena chombo huenda mrama. Mpiga mzinga wa nchi kavu hupima alipo, akalenga, akatulia. Baharini mtutu unapanda na kushuka na mawimbi huku meli yenyewe ikitembea, kwa hiyo lazima mashine iurekebishe muda wote.

Halafu kuna baruti, na hili naliweka juu ya yote. Mizinga mikubwa ya jeshi hutumia baruti ya vifurushi, vinavyoongezwa au kupunguzwa kufuatana na umbali wa shabaha. Manowari nyingi za leo hutumia baruti iliyofungwa ndani ya ganda la chuma, na mtambo huipandisha kutoka ghala la chini bila kushikwa na mtu. Ukileta vifurushi, unabuni upya ghala zima na namna ya kuuzuia moto usilifikie. Si jambo la kuchezea. Hood, manowari ya Uingereza, ililipuka ghala Mei 1941, na kati ya watu 1,418 wakaokoka watatu.

Kuna nchi iliyowahi kujaribu kweli? (Msomaji, Dodoma)

Wajerumani. Mwaka 2002 walichukua kibanda kizima, yaani sehemu ya juu inayozunguka na mtutu, cha PzH 2000, mzinga wao wa minyororo wenye mtutu wa milimita 155, wakakipandisha kwenye frigeti (manowari ya ukubwa wa kati) iitwayo Hamburg. Mradi uliitwa MONARC. Hamu yao naielewa kabisa. Frigeti hiyo ina mzinga wa milimita 76, ambao kombora lake lina uzito wa kilo sita hivi. La milimita 155 linapita kilo arobaini, na PzH 2000 hulirusha kilomita 30, hata 40 kwa makombora maalumu. Jeshi na wanamaji wangechota kwenye ghala moja.

Wahandisi walibuni kiti chenye kunyumbuka ili teke lisifike lote kwenye sitaha. Lakini silaha iliyoundwa kwa vumbi na matope ilibidi pia ihimili chumvi kila siku, na mfumo wa kuipakia ulikuwa wa kifaru, si wa meli. Mwishowe waliachana na mradi huo. Frigeti zao mpya za F125, ambazo ya kwanza iliingia kazini 2019, zina mzinga wa milimita 127 uliobuniwa kwa ajili ya meli tangu mwanzo. Nadhani waliamua vizuri.

Waingereza nao walitaka kuweka mtutu wa milimita 155 kwenye kiti cha mzinga wao wa meli wa milimita 114. Mpango ulifutwa 2010.

Mbona Marekani waliweka milimita 155 kwenye manowari zao za Zumwalt? (Msomaji, Nairobi)

Kipenyo ni kile kile, ila mzinga ule haukupiga makombora ya kawaida ya jeshi. Ulitengenezewa kombora lake peke yake, na meli zilipopunguzwa hadi tatu, bei ya kombora moja ikafika karibu dola 800,000. Ununuzi ulisitishwa 2016. Hapo faida yote ya ghala la pamoja ilikuwa imeshapotea.

Shikamoo mwandishi. Nimeona picha ya boti yenye kibanda cha kifaru. Ni ya kweli? (Mwanafunzi, Mwanza)

Marahaba. Ni ya kweli. Wasovieti waliweka vibanda vya T-28 na T-34 kwenye boti za deraya, zikapigana mto Volga, Stalingrad, 1942. Mtoni maji yametulia, adui yuko karibu na unamwona. Mzinga wa kifaru hauhitaji zaidi ya hapo. Kasoro yake ni kwamba mtutu hauinuki sana, kwa hiyo shabaha iliyojificha nyuma ya ukingo mrefu haifikiki.

Na kinyume chake, kuutoa mzinga melini kuuleta nchi kavu? (Msomaji, Mombasa)

Hilo limefanyika kwetu, tena kwa mafanikio. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Königsberg, manowari ya Wajerumani, ilinaswa kwenye delta ya Rufiji, na tarehe 11 Julai 1915 mabaharia wake wakaizamisha wenyewe baada ya kupigwa na meli mbili za Waingereza, Severn na Mersey. Mizinga yake kumi ya milimita 105 ilitolewa yote, ikapelekwa Dar es Salaam, ikatiwa magurudumu. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, akapigana nayo bara. Ardhi haiendi mrama na hailalamiki kwa teke, ndiyo maana njia hii ilikuwa nyepesi, ingawa kuikokota porini kuliwatesa sana watu waliolazimishwa kuivuta.

Mmoja ulirudi majini, Ziwa Tanganyika, juu ya Graf von Götzen, meli ambayo leo ni MV Liemba. Mwingine uko hapo hapo kwenu, Fort Jesus, pamoja na mzinga wa Pegasus, manowari ya Waingereza ambayo Königsberg iliizamisha Unguja tarehe 20 Septemba 1914.