Ukienda kutafuta viluwiluwi wa mbu

Mgeni wa kazi hii utamjua mapema. Anafika kwenye dimbwi kwa kishindo, anachovya kata, anachungulia, kisha anaandika "hakuna". Kumbe wapo, wamezama. Kiluwiluwi akihisi mtikisiko au kivuli hushuka chini papo hapo. Mimi husogea polepole nikiwa nimelielekea jua, ili kivuli kibaki mgongoni, na maji yakishatibuka nangoja dakika mbili tatu ndipo nichote tena.

Kata inayotumika sana ni nyeupe, yenye mpini mrefu na ujazo wa mililita 350. Ukiikosa, bakuli jeupe linafaa, ila tumia hilohilo hadi mwisho wa zoezi. Ukibadilisha chombo katikati, hesabu za jana na leo hazilinganishiki tena. Iinamishe kama nyuzi 45, uchote pembezoni na kando ya majani yaliyochomoza, maana ni nadra kuwakuta katikati ya maji wazi. Usiijaze pomoni, la sivyo itafurika na kuwamwaga uliowapata.

Sasa tulia uangalie. Anopheles, mbu wa malaria, hulala sambamba na uso wa maji kwa kuwa hana mrija wa kupumulia. Culex na Aedes, jamii nyingine mbili za mbu, huning'inia kichwa chini, mrija ukigusa juu: wa Culex kwa kawaida ni mrefu na mwembamba, wa Aedes ni mfupi na mnene. Hayo yanaonekana kwa macho bila hadubini, ingawa kutaja spishi yenyewe waachie watu wa maabara. Pupa, wale waliojikunja kama alama ya mkato, wahesabu peke yao. Viluwiluwi wachanga wengi hufa kabla ya kukua, lakini pupa kwenye maji ya joto huruka akiwa mbu baada ya siku mbili hivi, kwa hiyo ndiye anayekuonyesha mbu wa wiki hii.

Utafute wapi? Inategemea unamtafuta nani. Anopheles gambiae wa Afrika hupenda vidimbwi vidogo vya mvua vinavyopigwa na jua, hata maji yaliyotuama kwenye alama za kwato na matairi. Anopheles funestus hutaka maji ya kudumu yenye majani. Culex quinquefasciatus hana habari na usafi. Mitaro michafu na mashimo ya vyoo ndiyo makao yake. Aedes aegypti yuko kwenye mapipa, makopo na matairi ya zamani, na mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi, kwa hiyo tairi kavu leo si tairi salama. Zamani tangi la maji safi ulilihesabia Aedes tu. Tangu Anopheles stephensi wa Asia alipogunduliwa Djibouti mwaka 2012, mazoea hayo yaache: huyo hueneza malaria na huzaliana kwenye matangi vilevile.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kuandika sufuri. Dimbwi lenye maji lisilo na kiluwiluwi nalo lina mstari wake kwenye daftari. Wengi huenda moja kwa moja pale walipowakuta safari iliyopita, wakirudi na takwimu za kutisha zisizosema lolote kuhusu eneo zima. Kipimo cha Breteau, kwa mfano, ni idadi ya vyombo vyenye viluwiluwi kwa kila nyumba 100 zilizokaguliwa. Ukiziruka nyumba ambazo hukukuta kitu, kipimo hicho hakina maana.

Lebo ziandike kwa penseli. Wino wa kalamu nyingi huyeyuka kwenye alkoholi ya kuhifadhia viluwiluwi, na chupa isiyojulikana ilikotoka ni ya kutupa. Wanaosafirishwa hai waache na nafasi ya hewa chupani, uwaweke kivulini. Ukimwona mmoja mkubwa kupindukia, mwekundu au mweusi, huenda ni Toxorhynchites. Huyo hula viluwiluwi wenzake, na asipopewa chupa yake mwenyewe utafika maabara ukiwa naye yeye tu, ameshiba.