Unataka kuanza kumsoma Umberto Eco? Soma hii kwanza

Kila nikimtaja Umberto Eco, yule mwandishi wa Italia, kuna mtu ananiambia anampenda kwa mbali ila anamuogopa, eti yule mzee alikuwa anajua vitu vingi mno, utasomaje riwaya ya mtu wa hivyo bila kuwa na digrii tatu. Nawaelewa. Jamaa alizaliwa 1932 Alessandria, kaskazini mwa Italia, thesis yake chuo kikuu akaandika kuhusu Mtakatifu Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa Zama za Kati, akaja kuwa profesa wa semiotiki kule Bologna, yaani elimu ya ishara na namna zinavyobeba maana, na alipotoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1980 alikuwa tayari ana miaka 48 na jina kubwa vyuoni. Sasa hiyo riwaya, Il nome della rosa, yaani Jina la Waridi, ikasomwa na mamilioni ya watu duniani ambao wengi wao hawajui Kilatini hata kidogo. Kwahiyo usiniambie haikuhusu.

Ushauri wangu wa kwanza, anza na hiyo hiyo. Ni mwaka 1327, abasia, yaani monasteri kubwa, ya watawa Wabenediktini juu milimani, watawa wanakufa mmoja mmoja, na mgeni Mfransisko, yaani mtawa wa shirika la Mtakatifu Fransisko, anaitwa William wa Baskerville anapewa kazi ya kuchunguza akiwa na kijana wake mnovisi, yaani anayejifunza utawa, Adso. Hadithi ni siku saba na kila siku imegawanywa kwa saa za sala, hivyo kama umewahi kukaa kwenye abasia ya Peramiho au Ndanda ukasikia kengele ya masifu alfajiri mpaka ile sala ya usiku, utaingia kwenye huo mwendo haraka kuliko wasomaji wengi.

Kurasa mia za mwanzo ni nzito, sikufichi. Eco mwenyewe aliandika baadaye kwamba marafiki na wahariri walimshauri azipunguze akakataa, kwa sababu anayetaka kuingia abasia akae humo siku saba lazima akubali mwendo wa abasia yenyewe. Mi nilivyozipita ni kwamba sikusimama. Nikikutana na sentensi ya Kilatini napita, jina la mzushi, yaani mtu aliyepinga mafundisho ya Kanisa, nisiyemjua napita, sifungui Google, naendelea tu, maana mtu ukianza kutafuta kila jina utasoma Google sio Eco. Kitu kimoja nilichofanya ni kuandika majina ya watawa kwenye karatasi na kuiweka ndani ya kitabu, Malachi ni nani, Severinus anafanya kazi gani, Jorge yule mzee kipofu, basi. Hiyo karatasi ilinisaidia kuliko kamusi yoyote.

Na angalia elimu yake inavyofanya kazi, maana hapa ndipo wasomaji wake tunapompendea. Mwanzoni kabisa William na Adso wanapanda mlima, theluji imeanguka, wanakutana na watawa wanahangaika njiani na kabla hawajataja farasi yeyote William anawaambia farasi wenu kapita huku, mweusi, kichwa kidogo, masikio yamechongoka, macho makubwa, anaitwa Brunellus. Wanabaki midomo wazi. Adso anapomuuliza umejuaje, anaeleza: alama za kwato kwenye theluji, matawi yaliyovunjika kwa urefu fulani, nywele nyeusi zimenasa kwenye miiba. Sawa, na kichwa kidogo na macho makubwa? Hapo anasema hajui kama farasi yuko hivyo kweli, ila anajua watawa wanaamini yuko hivyo, kwa sababu Isidore wa Seville, askofu msomi wa zamani, aliandika kwamba farasi mzuri lazima awe hivyo na wao wamesoma Isidore. Mimi hapo nilifunga kitabu kidogo nikatulia, yaani kwenye kisa cha farasi aliyetoroka kakuonyesha watu wanavyoona kwa macho ya vitabu walivyosoma, na hajakuhubiria.

Usiruke ule mjadala kama Yesu na mitume walimiliki mali au la. Unachosha ukiusoma haraka, lakini ugomvi wa Papa Yohane wa 22 na Wafransisko ulikuwa wa kweli, na kule Marseille mwaka 1318 Wafransisko wanne walichomwa moto kwa ajili ya mambo hayo hayo. Ukilijua hilo kila neno linalosemwa mle ukumbini unalisikia kwa hofu. Na maktaba nayo ichunguze vizuri, imepangwa kama ramani ya dunia, upande wa kusini ambako ni Afrika wameuita Leones, yaani simba, na Kurani imewekwa huko. William anamwambia Adso ni kitabu chenye hekima tofauti na yetu. Mtu wa pwani akisoma pale lazima asimame kidogo.

Filamu ya 1986 ya Sean Connery ni nzuri ila iache mpaka umalize kitabu, itakuharibia utamu wote.

Ukimaliza watu watakwambia nenda Pendulum ya Foucault, ile ya 1988. Mi nasema pitia Baudolino kwanza, mtoto wa mkulima muongo mwenye kipaji anayeishia kulelewa na mfalme Frederick Barbarossa, ina vituko, inakwenda. Halafu ndio uende kwenye Pendulum, ambapo wahariri watatu wa Milan wanatunga njama kubwa ya Matempla, wale watawa wapiganaji wa Zama za Kati, kwa kujifurahisha na watu wanaiamini. Kwa sisi tuliokulia kwenye stori za Freemason kila mtaa, kila msanii akitajirika basi kajiunga, hicho kitabu kinagusa sana na ningependa vijana wengi wakisome, ila kigumu, kipe muda, kisome na mwenzako mmoja mnayeweza kupigiana simu usiku mkabishana.