Miguu ya mbele inayopinda kwa mbwa wa kuwinda: usianze na kalsiamu

Mkuu, umeuliza mambo mawili. La kwanza ni watoto watatu wa Ridgeback (aina ya mbwa wakubwa wa kuwinda) wenye miezi minne na nusu, ambao miguu ya mbele imeanza kwenda matege tangu waachishwe kunyonya. La pili ni baba yao, miaka sita, kilo 38, anayechechemea mguu wa nyuma kila akitoka porini. Umesema wanakula ugali na nyama ya steki iliyochemshwa, na kwamba umeshauriwa uwape kalsiamu ya maji, uwaanike juani asubuhi na uwafunge magango. Naanza na watoto, maana kwao kila wiki inayopita inahesabika.

Matege si ugonjwa mmoja. Ni dalili ya mambo manne au matano tofauti, na tiba ya moja inaharibu jingine. Kabla ya kununua chochote, msimamishe kila mtoto kwenye ardhi ngumu isiyoteleza, wewe chuchumaa hadi macho yako yalingane na kifua chake, umtazame kutoka mbele na kisha kutoka ubavuni. Piga picha kwa kimo hicho hicho kila wiki. Unachotafuta ni mahali panapopinda. Je, ni kifundo (kiungo kilicho juu kidogo ya kiganja) kinacholegea, au ni mfupa wenyewe kati ya kiwiko na kifundo uliojikunja? Ni mguu mmoja au yote miwili? Ni mtoto mmoja au wote? Majibu hayo yanakupeleka zaidi ya nusu ya safari.

Kama mifupa imenyooka ila vifundo vimelala kiasi kwamba mtoto anakanyagia nyuma ya kiganja, au kinyume chake vinajikunja kwa mbele na kutetemeka, huo ni ulegevu au mkazo wa misuli na kano wa kipindi cha kukua. Hutokea sana kati ya wiki ya 6 na ya 16, hasa kwa watoto wanaokua haraka na kulelewa kwenye sakafu laini. Wengi hunyooka ndani ya wiki mbili hadi nne wakipata chakula sahihi na ardhi yenye mshiko: udongo, nyasi, au zulia kuukuu juu ya vigae. Gango hapa ni kosa kubwa. Ukifunga kifundo kilicholegea, misuli inayotakiwa kukishika inasinyaa, na siku ukifungua kinalala zaidi. Zaidi ya hapo, bandeji iliyokaza kwenye mguu wa mtoto anayekua hukata damu na kuacha vidonda chini kwa chini ambavyo huvioni mpaka vinuke.

Kama wote watatu wana tatizo, hawataki kutembea, wanalia ukiwashika mgongo au miguu, na pengine mmoja amevunjika mfupa kwa kuruka tu kizingiti, basi tatizo ni chakula. Kwa maelezo yako ya ugali na steki, hapa ndipo ninapokuwekea alama nyekundu. Kilo moja ya nyama isiyo na mfupa ina fosforasi kama gramu 2 na kalsiamu kama gramu 0.1 tu. Uwiano huo ni 1 kwa 20, wakati mtoto anayekua anahitaji kati ya 1 kwa 1 na 1.5 kwa 1, kalsiamu ikiwa mbele. Unga wa mahindi nao hauna kalsiamu ya maana. Mwili ukikosa kalsiamu kwenye damu, tezi zilizo shingoni hutoa homoni inayoichota kutoka kwenye mifupa, na mifupa inabaki na ganda jembamba. Ini na maini ya kuku ni mabaya zaidi ya nyama kwa uwiano huo.

Sasa sikiliza vizuri, maana watu wengi hutoka shimo moja na kuingia jingine. Mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi sita hana uwezo mzuri wa kukataa kalsiamu iliyozidi. Kiasi kikubwa cha unachomtilia kinapenya utumboni na kuingia mwilini. Mtafiti Hazewinkel na wenzake kule Utrecht, Uholanzi, walionyesha hilo mwaka 1985 kwa watoto wa Great Dane, mbwa wa umbo kubwa sana: waliolishwa kalsiamu nyingi walipata kasoro za gegedu na miguu ya mbele iliyopinda. Kwa hiyo mtoto anayekula chakula kamili cha dukani halafu anaongezewa kalsiamu ya maji, unga wa mifupa na maziwa ya unga anaweza kupinda kwa sababu ya hiyo dawa yenyewe.

Njia iliyo salama ni chakula kamili cha watoto wa mbwa wa maumbo makubwa, hadi angalau miezi 12. Soma mfuko: kalsiamu iwe kati ya asilimia 1 na 1.5, na usiongeze chochote juu yake. Ukikichanganya nusu kwa nusu na ugali umeshaharibu hesabu. Kama mfuko haupatikani kwa wiki kadhaa, sawazisha nyama hivi: chemsha maganda ya mayai dakika 10, yakaushe, yasage yawe unga laini kabisa na uyachekeche. Kijiko cha chai kilichosawazishwa, gramu 5 hivi, kina kalsiamu kama gramu 2. Weka kijiko kimoja kwa kila kilo ya nyama mbichi isiyo na mfupa, ongeza kiini cha yai na samaki, hasa dagaa wanaoliwa na miiba yao. Hicho ni cha kuvukia tu, kwa sababu bado kuna zinki, shaba na madini joto ambayo sahani hiyo haitimizi.

Mtoto ambaye mifupa imeshakuwa dhaifu, mpumzishe kwenye kizimba kidogo chenye godoro, asiruke wala kucheza na wenzake, na umbadilishie chakula siku hiyo hiyo. Eksrei huanza kuonyesha mifupa inakaza ndani ya wiki chache. Sindano ya kalsiamu haiharakishi jambo, na ikipigwa vibaya inasimamisha moyo.

Habari ya jua: kwa binadamu ni kweli, kwa mbwa hapana. Ngozi ya mbwa hutengeneza vitamini D kidogo mno, hivyo lazima aipate kwenye chakula, yaani samaki, ini kidogo, kiini cha yai. Wala usikimbilie mafuta ya ini la samaki ya chupa kwa kukisia, kwa kuwa vitamini D ikizidi inaharibu figo.

Uvimbe wa moto juu kidogo ya kifundo, miguu yote miwili, pamoja na homa na mtoto kukataa kula, ni jambo jingine tena, na anatakiwa amwone daktari wa mifugo siku hiyo. Huo ni uvimbe wa mfupa karibu na sehemu inayokua, na huwapata watoto wa maumbo makubwa kati ya miezi 2 na 8. Kalsiamu haina kazi hapo pia.

Limebaki lile linalonitia wasiwasi kuliko yote: mtoto mmoja, mguu mmoja. Kiganja kimegeuka kutazama nje, mfupa umejikunja kwa mbele, na kifundo kimesogea ndani. Mguu wa mbele una mifupa miwili iliyolala pamoja, radiasi na ulna, na lazima ikue kwa mwendo mmoja. Sehemu ya ukuaji iliyo chini ya ulna ndiyo inayotoa kama asilimia 85 ya urefu wa mfupa huo, na kwa mbwa imeumbwa kama faneli. Pigo la ubavuni ambalo kwingine lingeteleza, hapo linageuka kuwa mgandamizo na kuziua seli za ukuaji. Mtoto karuka kutoka kwenye pikapu, kakanyagwa na ng'ombe, kagongwa na bodaboda: anachechemea siku mbili, anapona, unasahau. Ulna imeacha kukua, radiasi inaendelea kukua, na kwa kuwa imefungwa kwa mwenzake inapinda kama upinde. Kiwiko nacho kinavutwa kutoka mahali pake.

Ubaya ni kwamba eksrei ya siku ya ajali inaweza kuonekana safi kabisa. Kwa hiyo mtoto yeyote aliyeumia mguu wa mbele kabla ya miezi minane apigwe eksrei tena baada ya wiki mbili au tatu. Omba picha za miguu yote miwili, mzima na mgonjwa, kutoka mbele na kutoka ubavuni, kila picha ikionyesha kiwiko na kifundo pamoja. Picha ya kifundo peke yake haitoshi. Muulize daktari mambo matatu: mstari wa ukuaji wa ulna bado uko wazi? Kiwiko kimekaa sawa? Mkunjo ni nyuzi ngapi ukilinganisha na mguu mzima?

Akigundulika mapema huku radiasi bado ina ukuaji mbele yake, upasuaji ni mfupi: kipande cha ulna kinaondolewa na pengo linajazwa mafuta ya mwili wa mbwa mwenyewe ili mfupa usijiunge tena. Radiasi ikishafunguliwa, mguu hupata nafasi ya kujinyoosha kwa kadiri ya miezi iliyobaki. Kwa mbwa wa ukubwa huu sehemu hizo hufunga kwenye miezi 9 hadi 11, na sehemu kubwa ya urefu hupatikana kabla ya miezi 8. Watoto wako wana miezi minne na nusu, kwa hiyo bado nafasi ipo. Ukisubiri akomae, kazi inakuwa ya kukata radiasi, kuipanga upya na kuifunga bamba la chuma, gharama mara kadhaa, na kiwiko kilichokwisha kuharibika hakirudi. Mguu uliopinda kidogo bila maumivu na kiwiko kikiwa salama unaweza kuachwa. Kiwiko ndicho kinachoamua kama mbwa huyu atawinda au la.

Kuhusu mazoezi, usimkimbize mtoto nyuma ya pikipiki wala baiskeli kabla ya miezi 15 hivi. Lakini usimfungie pia. Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2012 kwa aina nne za mbwa wakubwa ulionyesha kuwa watoto waliopanda ngazi kila siku kabla ya miezi mitatu walipata zaidi ubovu wa nyonga, na waliocheza huru kwenye ardhi laini yenye mabonde kidogo waliupata kwa uchache. Kata kucha zao, kwa sababu kucha ndefu zinasukuma vidole na kubadili mkao wa kifundo. Na wasinenepe. Mbavu uzihisi kwa vidole bila kukandamiza, na kiuno kionekane ukimtazama kutoka juu. Kati ya mbwa 48 wa aina ya Labrador waliofuatiliwa maisha yao yote na Purina, kampuni ya chakula cha mbwa, matokeo yakatolewa mwaka 2002, waliopewa chakula pungufu kwa robo waliishi karibu miaka miwili zaidi ya wenzao na ugonjwa wa viungo ukawachelewa.

Sasa baba. Mbwa wa kilo 38 anayechechemea mguu wa nyuma baada ya kazi, wa kwanza kushukiwa ni goti, yaani ligamenti (ukano unaofunga mfupa na mfupa) iliyo ndani ya goti. Kwa mbwa haikatiki ghafla kama kwa wachezaji wa mpira. Inachakaa taratibu kisha inamalizika siku moja porini. Mwangalie akiketi: akitupa mguu mmoja pembeni badala ya kuukunja chini yake, shuku goti. Pima mzingo wa mapaja yote mawili kwa utepe wa fundi cherehani, kimo kile kile. Paja lililopungua ndilo linalouma kwa muda. Kwa uzito wake mapumziko peke yake mara chache yanatosha. Atahitaji upasuaji na wiki 8 hadi 12 za kamba fupi, na mara nyingi goti la pili hufuata. Nyonga huonekana zaidi anapoinuka asubuhi na anapokimbia kwa kurusha miguu yote miwili kama sungura.

Ila kwa mazingira yetu usiruke kupe. Kama kuchechemea kunahama, leo mguu huu kesho ule, viungo kadhaa vimevimba, ana homa, ufizi umepauka au pua inatoka damu, mpime damu na hesabu ya chembe sahani (zile zinazogandisha damu) kabla ya kugusa goti. Erlikia, ugonjwa unaoenezwa na kupe, huleta uvimbe wa viungo, na tiba yake ni doksisaiklini miligramu 10 kwa kilo kwa siku, siku 28, pamoja na chakula. Wengi huiacha siku ya tano mbwa anapochangamka, ugonjwa unarudi.

Dawa za maumivu: diklofenaki na ibuprofeni za binadamu zinatoboa tumbo na kuua figo za mbwa. Meloksikamu inafaa kwa kipimo cha daktari: miligramu 0.2 kwa kilo siku ya kwanza, kisha 0.1 kwa siku, baada ya kula. Kwa huyu wako hiyo ya kila siku ni miligramu 3.8, yaani nusu ya tembe ya 7.5. Tembe ya 15 ni karibu mara nne ya anachostahili. Usiichanganye na prednisoloni (dawa ya steroidi), na usimpe siku ya mawindo, kwani mbwa aliyekaukiwa maji akiwa na dawa hiyo figo zake hazina kinga.

Usimpandishe tena kwa majike mpaka ajulikane ana nini, nyonga na viwiko vyake vipigwe picha. OFA, taasisi ya Marekani inayokagua mifupa ya wanyama, hutoa daraja la kudumu la nyonga kuanzia miezi 24, na mama naye apimwe. Ukipata eksrei za watoto ziweke hapa, andika umri wa siku hiyo na mguu ni wa upande gani.